Heko kwa Madereva wa Tunduma

Shaba ya Kolwezi, Kongo, haijifikishi bandarini Dar es Salaam. Huletwa na madereva wa semi-trela wanaovuka mpaka wa Kasumbalesa, wakaikatiza Zambia na kuingia nyumbani kupitia Tunduma. Walipokwenda walibeba mafuta au salfa ya migodini. Nawavulia kofia hasa pale Kitonga. Kuteremka mlima ule, gari na mzigo vikikaribia tani 56 zinazoruhusiwa, ni kazi ya gia kuliko breki. Anayekanyaga breki mfululizo huzichemsha, na zikichemka hazishiki. Mzoefu huweka gia nzito tangu juu, injini ikamzuia. Abiria wa basi lililo nyuma yake husonya badala ya kumshukuru!

Kinachowachosha madereva zaidi ni foleni ya mpakani, posho ikiishia kwa mama ntilie. Sasa reli ya TAZARA, iliyokamilika 1975, imepata Wachina wa kuifufua, na reli ya Lobito, Angola, inaivuta shaba kuelekea Atlantiki. Sioni reli ikiwaondoa barabarani, kwani haifiki kila mgodi wala kila ghala. Ila tajiri anayelipa kwa tripu, bila mkataba wa maandishi, atawapoteza madereva wake wazuri kabla treni haijapiga honi.