Mkono wa Mwisho na Mwenye Dhamana: Uhakiki wa Utafutaji wa Kumbukumbu za Kasoro kwa Jina la Aliyezibadili Mwisho

Makala haya yanahakiki njia moja ya kutafuta taarifa katika mifumo ya kompyuta ya kufuatilia kasoro, yaani njia ya kuuliza ni nani aliyeibadili kumbukumbu kwa mara ya mwisho. Mifumo hiyo ni kama daftari la pamoja. Mtumiaji huandika tatizo aliloliona, tatizo hupewa namba, kisha wahusika huongeza maelezo, hubadili hali ya kumbukumbu, humteua wa kulishughulikia na hatimaye huifunga. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba jina la mwisho humwonyesha aliyepita, wala halimtambulishi anayewajibika. Mtafiti anayelitegemea peke yake huzikosa kumbukumbu zile hasa zilizostahili kuonwa kwanza.

Ni haki kuanza na manufaa ya njia hii. Toleo la 3.4 la programu ya Redmine, lililotoka mwaka 2017, lilileta vichujio viwili vinavyokaribiana kwa sura. Kimoja hutafuta kumbukumbu ambazo mtu fulani aliwahi kuzibadili wakati wowote. Kingine hutafuta zile ambazo yeye ndiye wa mwisho kuzibadili. Kuvitenganisha kulikuwa uamuzi wa busara, kwani maswali hayo mawili si mamoja. Msimamizi wa kazi anayetaka kujua ni wapi fundi ametoa jibu na bado anasubiri neno la mteja huhitaji kichujio cha pili. Anayetaka kupima mchango wa fundi huyo kwa mwaka mzima huhitaji cha kwanza. Akivichanganya, atamhesabia mtu kazi ya mwenzake.

Hata hivyo, vichujio vyote viwili vina upofu mmoja. Husoma orodha ya mabadiliko, ilhali jina la aliyefungua kumbukumbu huhifadhiwa mahali pengine. Kumbukumbu iliyofunguliwa na isiguswe tena haina badiliko lolote. Kwa hiyo haina mkono wa mwisho, na haionekani katika majibu ya utafutaji huo, hata likitafutwa jina la yule aliyeifungua. Huu si udhaifu mdogo. Malalamiko yaliyosahaulika ndiyo yanayodai kutafutwa kwa bidii zaidi, nayo ndiyo yanayojificha. Njia hii basi huhesabu shughuli, na hukaa kimya kuhusu uzembe.

Tatizo la pili ni uzito wa badiliko lenyewe, nalo hudhihirika zaidi katika mfano wa karibu. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, ina makala za kata za Tanzania, na Olasiti katika Jiji la Arusha ni mojawapo ya kata hizo. Ingawa makala ya kamusi elezo si taarifa ya kasoro, kanuni ya utunzaji ni ileile: kila makala ina ukurasa wa historia unaotaja kila aliyeibadili, tarehe na saa. Ichukuliwe hali ya kufikirika. Mhariri mmoja anaingiza idadi ya wakazi wa kata kutoka sensa ya mwaka 2012. Mwingine anaiondoa na kuweka ya sensa ya mwaka 2022. Wa tatu anarekebisha tahajia ya jina la mahali jirani, jambo la kawaida katika eneo la Mlima Meru, ambako hata Oldonyosambu huandikwa pia kwa maneno mawili. Mwisho roboti, yaani programu inayohariri yenyewe, inanyoosha kiungo. Mwanafunzi anayetaka kuthibitisha idadi hiyo kwa ajili ya tasnifu yake, akiuliza ni nani aliyebadili mwisho, atajibiwa kwa jina la roboti. Jibu ni sahihi, lakini halimsaidii. Aliyemhitaji ni mhariri wa pili, na ushahidi wake umo ndani ya historia, si kileleni mwake.

Mfano wa kufikirika unaungwa mkono na tukio halisi. Mwaka 2014 Wikimedia ilihamisha kumbukumbu zake za kasoro kutoka mfumo wa Bugzilla kwenda Phabricator, ambako hupelekwa matatizo ya kiufundi ya Wikipedia za lugha zote, Kiswahili kikiwemo. Uhamisho huo ulifanywa na akaunti ya mashine iitwayo bzimport. Matokeo yake, katika kumbukumbu nyingi za zamani mabadiliko kadhaa yameandikwa kwa jina la akaunti hiyo, ingawa fikra na kazi zilikuwa za watu. Anayetafuta kwa jina la mbadilishaji bila kuijua historia ya uhamisho atadhani kwamba mashine moja ilipanga vipaumbele vya maelfu ya matatizo.

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili hawapaswi kuliona suala hili kuwa geni. Muhamadi Kijuma wa Lamu alinakili miswada ya tenzi kwa ajili ya wataalamu kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Hakuna mhakiki makini anayemhesabia Kijuma utunzi wa kila utenzi uliopita chini ya kalamu yake, wala anayeupuuza mkono wake anapochunguza tofauti za matini. Mtunzi, mnakili na mhariri hupewa kila mmoja nafasi yake. Nidhamu hiyo ya uhakiki wa miswada ndiyo inayokosekana pale ambapo jina la mwisho kwenye kompyuta huchukuliwa kuwa jina la mwenye kauli.

Inaweza kudaiwa kwamba lawama hizi ni za mtumiaji, wala si za kichujio, kwa kuwa kichujio hujibu kile kilichoulizwa. Dai hilo lina ukweli, ila halitoshi. Chombo kinachotanguliza jina moja mbele ya mengine humzoesha mtumiaji kuridhika nalo, na mazoea hayo huingia katika ripoti na tasnifu. Kwa hiyo mtafiti anayetumia njia hii anapaswa kutimiza mambo matatu: kutaja ni badiliko gani lililofanywa na mkono wa mwisho, kuzitenga akaunti za mashine na za watu, na kuorodhesha kando kumbukumbu ambazo hazikuguswa kabisa tangu zilipofunguliwa. Mtahini naye ana haki ya kuyadai matatu hayo. La mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa sababu nyuma ya kumbukumbu isiyoguswa yupo mtu aliyeeleza tatizo lake na bado anangoja jibu.