Tii Iwekwe Wapi?

Juni 2022, mjini Halmstad, Sweden, Linn Grant alimaliza mashimo 72 akiwa mikwaju 24 chini ya pa, yaani idadi ya mikwaju inayotarajiwa. Henrik Stenson na Mskoti Marc Warren, waliofungana nafasi ya pili, walikuwa mikwaju tisa nyuma yake. Hapakuwa na kombe la wanaume na kombe la wanawake. Wanaume 78 na wanawake 78 waliingia shindano moja, Scandinavian Mixed, lenye ubao mmoja wa matokeo na fungu moja la zawadi. Grant akawa mwanamke wa kwanza kushinda shindano la ligi kuu ya gofu ya wanaume barani Ulaya. Februari ya mwaka huohuo, huko Australia, katika shindano kama hilo, Hannah Green alikuwa amekwisha kuwaacha wanaume na wanawake kwa mikwaju minne.

Hata huku kwetu Kalinzi, Tanzania, nchi ya kahawa na mpira wa miguu, ukisimulia habari hiyo swali la kwanza ni lilelile: wanawake si walisogezwa mbele? Ndiyo, walisogezwa. Kazi yote ya kitaalamu iko hapo, na inataka hesabu, si huruma.

Mwaka 2003 Annika Sörenstam, mwanamke bora zaidi duniani katika gofu wakati huo, alicheza na wanaume uwanja wa Colonial, Texas, akianzia kwenye tii zao, yaani mahali pa kupigia mkwaju wa kwanza. Alipiga 71, kisha 74, akaondolewa katika mchujo. Alicheza vizuri, lakini karibu kila shimo lilimpa mkwaju wa pili mgumu kuliko wa wenzake. Chukua shimo la mita 400. Mwanamume wa kulipwa hupiga mkwaju wa kwanza kama mita 270, akabakiwa na 130. Mwanamke wa kulipwa hupiga karibu mita 230, akabakiwa na 170. Wa kwanza anashika fimbo fupi, wa pili anashika ndefu, na kadiri fimbo inavyorefuka ndivyo mpira unavyoangukia mbali na kijiti cha bendera.

Mpangaji wa uwanja mwenye haraka angesema basi tumsogeze mwanamke mita 40, wote wabakiwe na 130. Hapo ndipo wengi hukosea. Mita 130 kwa mwanamume ni fimbo namba tisa au fupi zaidi. Kwa mwanamke ni namba saba, iliyo ndefu zaidi. Ili naye ashike namba tisa inabidi abakiwe na mita kama 110. Kwa hiyo tii yake isogee mita 60, yaani asilimia 15 ya shimo lote. Kinachosawazishwa ni fimbo ya mkwaju wa pili, wala si mita za mkwaju wa kwanza.

Hata hivyo fimbo ileile haitoi mkwaju uleule. Mpira wa mwanamume hupaa juu zaidi, hushuka wima zaidi na kukaa ulipotua. Wa mwanamke huja umelala kidogo, ukatua na kukimbia mbele. Grini, yaani nyasi fupi zinazozunguka shimo, ikiwa ngumu kama sakafu na shimo limefichwa nyuma ya mchanga, mwanamke ameonewa hata kama tii yake imepimwa kwa uzi. Kwenye nyasi ndefu nguvu za mikono nazo hurudi kudai haki yao. Ndiyo maana mpangaji hodari huamua ugumu wa grini na urefu wa nyasi kwanza, kisha tii. Na asisahau mashimo mafupi ya pa tatu, ambako hakuna mkwaju wa pili wa kukusaidia: hapo tofauti ya fimbo huonekana mara moja.

Je, Halmstad walizidisha? Tazama ubao. Mwanamke aliyemfuata Grant, Gabriella Cowley wa Uingereza, alikuwa mikwaju 14 nyuma yake. Kama tii zingekuwa zawadi, wanawake wangejazana juu. Juu alikuwapo mmoja. Katika shindano hilohilo, mwaka 2021 alishinda Jonathan Caldwell, 2023 Dale Whitnell, na 2024 akarudi Grant huyohuyo, aliyeanza siku ya mwisho mikwaju 11 nyuma ya Sebastian Söderberg akapiga 65. Katika miaka hiyo minne wanaume wameshinda mara mbili na mwanamke mmoja mara mbili. Kwangu hiyo ni hukumu tosha kuhusu tii, na kuhusu Grant.

Vipimo vya Halmstad, mji wa pwani, havinakiliki ovyo. Hewa nyepesi ya milimani hurefusha safari ya mpira, na ukiongeza asilimia ileile kwa wote, anayepiga mbali hupata mita nyingi zaidi. Pengo la mita 40 kule Ujiji ufukweni lingekuwa kubwa zaidi huku milimani Kalinzi. Kenya inalijua hilo kwa vitendo: Kenya Open ya wanaume imechezwa Muthaiga, Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na ile ya wanawake Vipingo, Kilifi, pwani kabisa. Ni viwanja viwili na mashindano mawili, na kila upande una bingwa wake.

Klabu zetu zimezoea kuwachanganya wanaume na wanawake kwa handikapu, lakini handikapu hupunguza mikwaju baada ya mchezo. Mfumo wa Halmstad haumpunguzii mtu hata mkwaju mmoja. Unabadilisha ardhi kabla ya mchezo, na uliopiga ndio unaoandikwa. Kwa wachezaji wa kulipwa hiyo ndiyo njia pekee yenye heshima.

Tanzania ina Lugalo, ina Kili Golf kule Usa River, na ina wanawake wa kiwango cha Madina Iddi, ambaye amekwisha kutwaa mataji nje ya nchi. Waandaaji, jaribuni shindano moja la kombe moja. Ila kabla ya kuchomeka tii, waiteni wachezaji wenyewe uwanjani mpime fimbo namba tisa ya kila upande inafika wapi.