Asta ya New England: Kazi Iko kwenye Mkasi

Ifikapo Septemba, bustani nyingi za kaskazini-mashariki mwa Marekani zimeshachoka. Hapo ndipo asta ya New England, mmea wa porini wa huko huko, unapofungua maua yake ya zambarau yenye kitovu cha manjano. Kasoro yake ni umbo. Ukiachwa ujiotee, hurefuka hadi mita moja na nusu au zaidi, majani ya chini hukauka, na upepo wenye mvua huulaza chini ukiwa katikati ya kuchanua.

Wengi hukimbilia mbolea. Huko ni kuchochea tatizo, maana rutuba ikizidi hutoa mashina marefu na laini, na hayo ndiyo yanayoanguka. Dawa ni mkasi.

Mwishoni mwa Mei au mapema Juni, mashina yakifika magotini, hupunguzwa theluthi moja hadi nusu, mkato ukipita juu kidogo ya jani. Ncha ya shina hutengeneza oksini, homoni inayoteremka na kuyazuia machipukizi ya pembeni yasiamke. Ncha ikiondoka, kizuizi kimeondoka. Chini ya mkato, kwenye kwapa la jani, hujitokeza jicho dogo la kijani, kisha jingine chini yake, na shina moja huwa matawi kadhaa. Kichaka hubaki kifupi, kimeshiba, na kila tawi hubeba maua yake.

Tarehe nayo ina uzito wake. Asta huhesabu urefu wa usiku. Boston mwezi Juni mchana hufika saa 15 na robo hivi. Usiku ukianza kurefuka, mmea hujiandaa kutoa matumba. (Nairobi, ambako mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, hesabu hii haina maana.) Kwa hiyo watunza bustani wa Marekani huweka mkasi chini ifikapo tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru, siku ambayo hakuna anayeisahau. Anayekata Agosti anakata maua yenyewe.

Mengine ni mepesi: jua la kutosha, udongo usiokauka kabisa, na nafasi ya hewa kupita, kwani ubwiri unga hupenda msongamano. Mbegu humwagwa juu ya udongo kabla ya baridi kali, ili baridi hiyo iziamshe.

Wajanja hukata safu ya mbele tu. Ya nyuma hutangulia kuchanua, ya mbele huchelewa kidogo huku ikificha miguu mikavu ya wenzake, na vipepeo aina ya monaki wanaosafiri kwenda Meksiko hupata nekta kwa muda mrefu zaidi.