Kielelezo Kisichojua Itulo

Mwaka 2009 Marshall Burke na wenzake walihusisha ongezeko la joto na vita vya wenyewe kwa wenyewe barani Afrika. Mwaka 2010 Halvard Buhaug akawapinga. Ubishi huo, pamoja na uzito wake, haufiki Lubondja. Huko Fizi wafugaji huteremka na ng'ombe kutoka nyanda za juu wakati wa kiangazi, na kwa desturi huwapa machifu itulo, yaani ada ya malisho. Utafiti wa Justine Brabant na Jean-Louis Nzweve (2013) ulitaja jembe, ng'ombe na bunduki kwa pamoja. Vielelezo hupima mvua. Itulo inayotozwa na wenye silaha haviioni. Ukame waweza kuharakisha msafara wa mifugo, lakini hauelezi kwa nini mkulima aliyeliwa shamba akose mwamuzi, jambo ambalo Buhaug alilikaribia aliposisitiza siasa.