Sahani Nyuma ya Ekseli

Video mmeiona, kwa hiyo sitaisimulia yote. Pikapu ya kebini mbili inatoka kwenye drifti upande wa Mutomo, inakokota trela ya maji, barabara inapinda kushoto, dereva anakata usukani kushoto, na gari linakwenda moja kwa moja hadi mtaroni. Trela inalala ubavu na maji lita 2,500 yananywewa na mchanga. Hakuna aliyeumia, tumshukuru Mungu. Ila maneno yaliyofuata yamenikera. Dereva amelaumiwa, barabara imelaumiwa, hata serikali ya kaunti imeingizwa. Wa kulaumiwa ni mmoja tu: yule aliyeamua kuifunga sahani ya gurudumu la tano, ile inayoshika pini ya trela juu ya bodi, sentimita 45 nyuma ya ekseli ya nyuma.

Nilikwenda kuangalia mwenyewe, nikiwa na futi ya kupimia. Niseme ya haki kwanza: weldi za trela ni safi, breki zake zinafanya kazi, minyororo ya usalama ipo, tairi ni mpya. Baada ya hapo sina sifa nyingine.

Alama zilikuwa bado ziko kwenye mchanga, na zilitosha kueleza kila kitu. Tairi za nyuma zilikuwa zimechimba hadi kina cha kiganja. Za mbele ziliacha alama za juujuu, pana, kama za brashi iliyoburutwa kwa ubavu. Maana yake magurudumu ya mbele yalikuwa yamegeuka kushoto kabisa, dereva alifanya lililompasa, lakini hayakuwa na uzito wa kuyashikisha ardhi. Gari lilikuwa na usukani kwa jina tu.

Nilimtafuta fundi. Karakana yake iko kando ya barabara kuu upande wa Makueni, na sitaitaja. Nikamuuliza kwa nini sahani iko pale.

"Ningeiweka juu ya ekseli, mzee, pua ya trela ingegonga kebini ikikata kona."

Hapo ndipo kosa lote lilipo, na naomba tukae hapo kidogo, maana sababu aliyotoa ni ya kweli lakini uamuzi alioufanya ni mbaya kabisa. Pikapu ya kebini mbili ina bodi fupi. Kutoka ekseli ya nyuma hadi ukuta wa kebini hupati hata sentimita 80. Trela hii ina upana wa mita 1.8, na fundi aliijengea pua ya mraba, upana uleule mbele hadi nyuma, huku pini ikiwa karibu na ukingo wa pua. Ikigeuka kona kali, pembe ya pua inakuja mbele sentimita 90. Sentimita 90 haziingii kwenye 80. Kwa hiyo alikuwa na tatizo, na tatizo hilo lina majibu mawili. Unaweza kubadilisha trela, au unaweza kusogeza sahani nyuma. Alichagua la pili kwa sababu lilikuwa rahisi: matundu manane, pleti mbili, jioni hiyohiyo mteja akaondoka.

Sasa hesabu. Trela ikiwa na maji ina tani 3.5: maji tani mbili na nusu, chuma tani moja. Trela ya gurudumu la tano huweka sehemu kubwa ya uzito wake kwenye pini, kwa kawaida kati ya asilimia 15 na 25. Tuchukue 20, ni kilo 700. Umbali kati ya ekseli mbili za pikapu hii ni mita tatu na kidogo. Ukiziweka kilo 700 sentimita 45 nyuma ya ekseli, ekseli inageuka mhimili na pua ya gari inainuka: unaiondolea ekseli ya mbele kilo 100 na zaidi, na ekseli ya nyuma inabeba kilo 800 badala ya 700. Ungeziweka sentimita tano mbele ya ekseli, ekseli ya mbele ingeongezewa kilo kumi hivi. Hiyo ndiyo tofauti kati ya gari linalogeuka na gari lisilogeuka.

Kuna atakayesema kilo 100 ni mtu mmoja mnene, ni nini hicho? Mwambieni apande mlima. Kwenye mteremko wa asilimia 15, na ukingo wa ile drifti haupungui hapo, trela ya tani 3.5 inavuta kurudi nyuma kwa nguvu ya kilo 500 na ushei. Nguvu hiyo inashika gari kwenye sahani, mita 1.2 kutoka ardhini, na kadiri inavyoshika juu ndivyo inavyoinua pua. Hapo ekseli ya mbele inapoteza kilo 200 nyingine. Ekseli hiyo ya pikapu tupu hubeba tani moja na kidogo. Jumlisha uone: zaidi ya robo ya uzito wa kuongozea gari imekwisha, na sijahesabu uzito wa gari lenyewe unaorudi nyuma likipanda. Zile kilo 200 huwezi kuzikwepa, ndivyo trela ya juu ilivyo. Ndiyo maana zile 100 za bure, za kujitakia, hazisameheki.

Kushuka nako ni hatari ya aina yake. Trela ikisukuma pikapu kwenye kona, msukumo ukipita juu ya ekseli hauna mkono wa kuizungusha. Ukipita nyuma ya ekseli, unalisukuma tako la gari kando na kulikunja. Dereva huyu alishuka salama upande wa pili wa drifti kwa sababu ni dereva mzuri. Wanaomcheka mitandaoni wangekunja mapema.

Tangi nalo halikuwa na kuta za ndani za kukata mawimbi. Maji yaliyopungua kidogo tu hukimbilia nyuma gari likipanda, pini inapungua uzito, tairi za nyuma zinaanza kuzunguka bure, kisha maji yanarudi kwa kishindo. Nimeliandika jambo hili miaka nenda miaka rudi, tangu trela za maji zianze kutapakaa Kitui, na bado matangi yanauzwa matupu kama madebe. Pleti mbili zenye matundu zingetosha.

Angefanyaje? Angeacha sahani juu ya ekseli, au sentimita chache mbele yake, kisha arudi kwenye trela. Angeijengea shingo nyembamba badala ya pua ya mraba, pini itangulie mbele, pembe zikatwe, tangi lianzie nyuma ya shingo. Chuma kingekuwa kilekile, gharama karibu ileile, kazi ya siku moja zaidi. Shingo ikiwa nyembamba hakuna kitu cha kugonga kebini, na tatizo lililomfanya akimbilie nyuma ya ekseli linakufa kabla halijazaliwa.

Na hili si siri ya wahandisi. Nendeni Emali au Mtito Andei jioni yoyote, malori ya Mombasa yakiwa yameegeshwa, mchungulie chini ya kichwa chochote kilichoachana na trela yake. Mtaona sahani imekaa mbele ya katikati ya ekseli mbili za nyuma. Hamtaiona nyuma. Kila tanboi analijua hilo, hata asipojua kulieleza. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inahesabu ekseli kwa ekseli: tani 8 kwa ekseli ya usukani, 10 kwa ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne, 18 kwa pacha, 24 kwa tatu, jumla isizidi 56. Ndiyo maana wenye malori wanajua uzito wao unakaa wapi, maana mizani ya Mariakani na Athi River itawaambia kwa faini. Pikapu haipimwi na mtu, basi mwenye pikapu anadhani uzito ni neno la malori.

Nirudi kwenye gari lenyewe, maana kosa la sahani lilizaliwa siku gari lilipochaguliwa. Anayetaka kukokota trela ya gurudumu la tano hanunui kebini mbili. Nimesema na nitasema tena. Mzigo halali wa pikapu nyingi za kebini mbili ni tani moja au pungufu. Toa kilo 700 za pini, toa sahani yenyewe na fremu yake, toa watu wanne na mizigo yao, umekwisha kupita. Lakini watu wanataka gari la kupeleka mama kanisani Jumapili na kukokota tani tatu na nusu Jumatatu.

Kwa kazi hii Ukambani kuna Land Cruiser 79 ya kebini moja. Ina injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, isiyo na tabo, isiyo na haraka, chesisi ya kweli na springi za majani nyuma. Inaunganishwa hapahapa Mombasa, spea zinapatikana. Kiwango chake cha kukokota ni tani 3.5 trela ikiwa na breki. Angalieni jambo moja: kebini moja na kebini mbili za 79 zina umbali uleule kati ya ekseli, mita 3.18. Kwa hiyo kila sentimita unayowapa abiria wa nyuma unaitoa kwenye bodi, mahali hasa sahani inapotaka kukaa. Bei ni kali, sibishi. Basi nunua D-Max au Hilux ya kebini moja iliyotumika, punguza trela iwe ya lita 1,500, na utafika.

Wamarekani, ambao trela hizi za gurudumu la tano ni burudani yao, huanza na F-350 au Ram 3500 yenye bodi ya futi nane. Mwenye bodi fupi hufunga sahani ya kuteleza, inayorudi nyuma wakati wa kugeuka polepole uwanjani tu na kurudi juu ya ekseli barabarani. Hata wao, na magari yote hayo, hawaachi sahani nyuma ya ekseli. Kwetu sharti la usukani wa kulia na kikomo cha umri wa miaka minane kwa magari yaliyotumika yanayoagizwa vimeyaweka magari hayo mbali, na sioni hasara. Tulikuwa na letu. Peugeot 504 ya pikapu ilibeba Ukambani nzima, maembe, saruji, mbuzi na maharusi, ikiwa na kebini moja na bodi ndefu, na fundi wa wakati huo alipoifungia kitu nyuma aliuliza kwanza uzito utaangukia wapi.

Nikiwafikiria mafundi wa namna hiyo namkumbuka Joginder Singh. Watu wanamkumbuka kwa ushindi wake mara tatu wa Safari Rally, 1965 na Volvo PV544 akiwa na nduguye Jaswant, kisha 1974 na 1976 na Lancer. Mimi namkumbuka kwa sababu alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Ile Volvo ilikuwa imetumika tayari, haikuwa gari la kumshangaza mtu, akaitengeneza ikamaliza mbele ya timu za viwanda. Hakusogeza tatizo kutoka mahali lilipo hadi mahali lisipoonekana. Mtu wa shule ile asingetoboa matundu manane kwenye chesisi, mawili kati yake kwenye ukingo wa chini unaobeba mvutano wote, kama nilivyoyaona kwenye gari hili. Tundu kwenye ukingo wa chini ni ufa unaosubiri tarehe. Boliti hufungwa kwenye ubavu wa chesisi, na weldi haikaribii chesisi kabisa. Hilo nalo nimeliandika hadi wino umekauka.

Mwenye gari ameniambia anataka kulinyoosha na kulirudisha kazini kama lilivyo, kwa sababu wateja wake wa maji wanamsubiri. Namsihi asifanye hivyo. Na kwa nyote mnaoagiza trela kama hii sasa, iwe ya maji Kitui au ya kupeleka maembe kiwandani Kalamba msimu ukifika, fanyeni jambo moja kabla ya kulipa. Chukueni futi, pimeni kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi katikati ya sahani. Sahani ikiwa nyuma ya gurudumu, hata kwa upana wa vidole vinne, msilipe. Mrudishieni fundi akate shingo ya trela upya, na mvua za Novemba zisiwakute na gari la namna ile kwenye drifti.