Gari Lilipakia Nini?

Kabla sijamnyooshea mtu kidole nianze na mimi mwenyewe.

Ninaandika riwaya. Mwaka wa tatu huu naiandika kwenye kauntabuku, na nimeshamaliza mbili. Katika sura ya tano kijana anaondoka hapa kwetu Ruaha, wilaya ya Kilosa, anadandia lori mpaka Mbamba Bay, mji mdogo wa mpakani ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ng'ambo yake ni Malawi. Ni miaka ya tisini. Sura hiyo niliipenda kuliko zote. Kurasa kumi na nne! Kuna mvua inanyesha kama mbingu imepasuka, matope mpaka magotini, tembo amesimama katikati ya barabara Mikumi, mwezi juu ya milima. Nikajisemea, hapa sasa nimeandika.

Nikaenda kumsomea mjomba wangu. Huyu mzee ameendesha malori njia hiyo hiyo, na sasa amestaafu, anafuga kuku. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha, kisha akaniuliza swali moja tu.

"Sasa mjomba, gari lilipakia nini?"

Nikamjibu, "Mizigo, mjomba."

"Mizigo gani?"

Nikakaa kimya. Kurasa kumi na nne, lori linapanda na kushuka milima nusu ya nchi, na mimi mwandishi sijui lina nini nyuma.

Mjomba akanieleza taratibu, kama anavyomweleza mtoto. Gari likitoka huku kwetu limepakia sukari. Mifuko ya kilo hamsini hamsini, imehesabiwa kiwandani, imesainiwa. Linatokea Mikumi, linashika barabara kuu ya Tunduma, linapita Ruaha Mbuyuni (msituchanganye na wale, wao wana vitunguu na mibuyu, sisi tuna miwa), linapanda Kitonga, Iringa, mpaka Makambako. Hapo linakata kushoto kwenda Njombe na Songea. Mpaka Songea ilikuwa lami. Mbele huko ulikuwa udongo. Mbinga, milima ya Wamatengo, halafu zile kilometa 66 za kuteremka ziwani, ambazo leo ni lami na basi linateremka bila taabu. Wakati wake yeye aliwahi kuzimaliza kwa siku tatu. Utingo alikuwa akishuka na gogo mkononi, anakimbia nyuma ya gari kwenye mlima, gari likianza kurudi nyuma analiweka gogo chini ya tairi. Akichelewa, gari limekwenda, na pengine na yeye.

"Sasa wewe umeandika mvua nzuri," akasema. "Lakini mvua hiyo inamtisha nani? Ukiwa na sukari, mvua si ya kutazama. Unatazama turubai. Tundu la kidole tu, mfuko mmoja umelowa, na mfuko huo unaulipa wewe."

Kuhusu tembo alisema tu kwamba tembo unampita. Hifadhi ya Mikumi ipo tangu 1964, barabara kuu inapita ndani yake kama kilometa hamsini, na dereva wa lori asiyemzoea tembo hayupo. Anayemshangaa ni mgeni. Kumbe shujaa wangu, mzaliwa wa Ruaha, nilimpa macho ya mtalii.

Nimelikumbuka swali hilo kila ninaposoma hadithi zetu sisi vijana, zikiwemo zilizotoka humu jaridani. Shuleni tulifundishwa kuchambua fani na maudhui, na mandhari ikawekwa kwenye fani, jirani na matumizi ya lugha, kama vile ni rangi ya ukutani. Basi na sisi tukiandika tunapaka rangi. Barabara ni mbovu, abiria wamebanana kama dagaa, vumbi, jua la utosi. Ukiifuta aya hiyo na kuandika "akasafiri, akafika," hadithi haipungukiwi kitu. Wapo wanaofanya hivyo kabisa, mhusika anafunga begi Dar es Salaam na sentensi inayofuata anabisha hodi Kigoma. Nawalaumu, lakini afadhali wao kuliko mimi na tembo wangu. Wao hawakudanganya.

Eti safari si jadi yetu katika nathari, aliniambia rafiki mmoja, tumeiga kwa Wazungu. Si kweli. Katika nathari ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za kisasa, habari za safari ni miongoni mwa vitu vya mwanzo kuchapishwa. Mwaka 1901 Carl Velten, Mjerumani aliyefundisha Kiswahili Berlin, alichapisha kitabu kinachoitwa Safari za Wasuaheli. Ndani yake wanasimulia watu waliokwenda wenyewe, kwa biashara au kwa kufuatana na misafara ya Wajerumani. Mwaka 1965 Lyndon Harries alizirudisha baadhi ya habari hizo katika kitabu chenye Kiswahili na tafsiri ya Kiingereza. Mimi nilipata nakala ya kivuli ya kitabu hicho, imefifia, kurasa nyingine imebidi nizisome dirishani. Kiswahili chake kinasomeka. Maneno mengine ni ya zamani, lakini mtu wa kidato cha nne hashindwi.

Soma safari ya Selemani bin Mwenye Chande kwenda bara mpaka Tanganyika. Njia kubwa ya misafara enzi hizo ilipita bonde la Mkondoa, hapo Kilosa, kwa hiyo sisi watu wa huku tunasoma kama tunaosikia habari za jirani. Nilitegemea kukuta malalamiko ya miguu na kiu. Kinachomshughulisha zaidi ni mali. Tumechukua nini, mtemi huyu ametaka hongo kiasi gani, tumempa nini, tumekataa, imekuwa vita. Taabu ipo, tena kubwa, lakini inaingia kwa mlango wa biashara. Hakuna mahali anaposimama na kutuambia angalieni ninavyoteseka. Na ndiyo maana unamwonea huruma.

Tippu Tip naye ni hivyo hivyo. Maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili, yakachapishwa mara ya kwanza na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, yamejaa hesabu za pembe, frasila ngapi, bei gani. Kuna mahali nilichoka, sifichi. Lakini hutakuta hata siku moja njia isiyo na sababu.

Sasa tazama mtu asiye na mali yake. Salim bin Abakari mwaka 1896 alifuatana na bwana wake, Dakta Bumiller, kwenda Urusi na Siberia, mbali sana na kwao. Huyu hana frasila za kuhesabu. Jicho lake linakwenda kwa watu, wanakula nini, wanavaa nini, wanaishi vipi na baridi ile. Wengi tumezoea Mzungu kutueleza desturi za "wenyeji"; hapa Mswahili ndiye anayewaeleza wao, kwa utulivu, kama anahesabu kuku uani. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo safari iliyoandikwa vizuri kuliko zote katika kitabu kile. Mzigo wake ni kazi ya utumishi aliyopewa, na mtumishi huona mengi. Karne moja baadaye Adam Shafi katika Mbali na Nyumbani (2013) anamtoa kijana Unguja na hamu ya Ulaya, nchi hadi nchi. Hana gunia wala pembe. Hamu ile ndiyo shehena yake, na kila mpaka unaikagua.

Mpaka hapa naonekana nawasifu wazee tu. Hapana. Wana kosa kubwa, na mjomba bila kujua alinionyesha pa kulitafutia.

Ukiwauliza wazee hawa gari lilipakia nini, wanakujibu mpaka frasila ya mwisho. Waulize, je, lilipakiwa na nani? Hapo kimya. Wapagazi wamo katika kila ukurasa, wanatoroka, wanakufa, wanaongezwa wengine, lakini ni idadi. Wengine hata hawakuwa wapagazi wa kulipwa, walikuwa watumwa. Hawana jina, na neno lao moja ni shida kulipata. Kwa Tippu Tip pembe moja ina habari ndefu kuliko mtu aliyeibeba.

Kuna jambo ambalo siku zote nalifikiria, maana linagusa ziwa la riwaya yangu. Wajerumani walipotaka meli Ziwa Nyasa waliileta ile Hermann von Wissmann vipande vipande, kwa mito ya Zambezi na Shire na mabegani mwa watu, ikashushwa majini mwaka 1893. Mwaka 1914 vita vilipoanza, Waingereza waliivamia pale Liuli, si mbali na Mbamba Bay, wakaiharibu. Habari ya kuharibiwa kwake imeandikwa mara nyingi, nahodha anajulikana, kwamba hakuwa na habari kuwa kuna vita. Nani alibeba bamba la chuma kwenye maporomoko ya Shire, na bega lake lilikuwaje jioni? Hicho ndicho kitabu ambacho ningekinunua hata kwa nauli ya kwenda Morogoro.

Na sisi je? Hebu chukua hadithi zetu za safari uhesabu. Dereva ana maneno, tena ya hekima. Msichana wa kiti cha mbele ana maneno. Utingo analala juu ya turubai, anashuka, anasukuma, anapanda tena, hatumsikii. Kwangu mimi ndivyo alivyokuwa. Katika kurasa kumi na nne nilimwita "utingo" mara tisa. Mwezi niliupa aya nzima.

Nilimwuliza mjomba utingo wake aliitwa nani. Akalitaja jina haraka, kama lilikuwa limekaa mdomoni linangoja, kisha akaamka akaenda kuwapa kuku maji. Sikuuliza zaidi siku ile, na jina lenyewe si langu kuliandika hapa.

Sura ya tano nimeianza upya. Tembo nimemfukuza. Mvua ipo, lakini safari hii kuna turubai lenye kiraka, na kiraka kimeanza kuachia. Utingo nimempa jina, Sefu, na gogo lake ni la mninga, zito kuliko linavyotakiwa. Nimekwama mahali fulani mbele ya Mbinga. Mifuko miwili imelowa, na sijui atakatwa Sefu au dereva. Nimerudi kwa mjomba kumwuliza. Anasema hawezi kunijibu mpaka nimwambie kwanza huyo Sefu wangu alikuwa analipwa kwa siku au kwa tripu.