Oppenheimer: gololi zinahesabiwa, udongo hapana

Bandugu, filamu Oppenheimer ya Christopher Nolan (2023) ilipata Oscar 7, na kwa kazi ya sinema sina ubishi. Inadumu saa 3 na mutu hachoki. Lakini kuna kitu kimoja kinaniuma, mimi mutu wa udongo. Kule Los Alamos wanatia gololi ndani ya vyombo vya kioo, kidogo kidogo, kuonyesha uranium na plutonium zinavyoongezeka. Gololi zinajaa, na hakuna anayeuliza: zinatoka wapi?

Zilitoka kwetu, Shinkolobwe, karibu na Likasi. Union Minière ilichimba pale radium tangu miaka ya 1920. Mwaka 1940 mkurugenzi wake, Edgar Sengier, alituma tani zaidi ya 1,000 za madini mpaka New York. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likazinunua. Sehemu kubwa ya uranium ya bomu la Hiroshima njo ile. Sengier alipewa medali. Mchimbaji hatajwi hata jina.

Wengine watasema: filamu ni juu ya mutu mmoja, haiwezi kusema yote. Sawa. Lakini swali lake kubwa ni nani anabeba lawama. Ukianza hesabu kwenye jangwa la New Mexico, umeruka mwanzo wake. Hata Wanavajo, majirani wa kule, wanabaki nje, na ardhi yao ina migodi ya uranium zaidi ya 500 iliyoachwa. Wao angalau, sheria ya Marekani ya 1990 ilikubali kuwalipa wachimbaji wao waliogonjwa. Sheria ile haifiki Likasi.

Na sisi je? Hapa Lubumbashi tunapenda kujivuna: bila Kongo, bomu hakuna! Kumbe tunahesabu tani, sawa na Sengier. Mgodi ulifungwa, batu wakarudi kuchimba kobalti kwa mikono. Mwezi wa 7 mwaka 2004, miezi michache baada ya serikali kukataza, shimo likaanguka na kuua. Mwaka 2009 watafiti wa Unilu na Leuven walichapisha matokeo yao: watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi sana ndani ya mkojo, na uranium pia imepanda. Ni wangapi kati yetu wamesoma karatasi ile? Filamu, tumeiona karibu wote.

Vumbi linaanguka juu ya lengalenga, mvua inalishusha mu bustani, mama anachuma, watoto wanakula. Hapo hakuna mlipuko wa kupigwa picha, njo maana sinema hailioni. Lakini sampuli ya udongo inaweza kulionyesha, na kila mwaka tunaandika memware. Kama zote zitabaki paka juu ya mbolea ya mahindi, basi tusimuulize Nolan kwa nini alisahau Shinkolobwe.